Wenye Kupiga Pedali Wakae Mbele

Maneno ya mwanachama mmoja mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu, Keshero. Tumeyaandika sawa alivyoyatoa.



Halmashauri imeniomba niseme maneno kidogo juu ya safari ya baiskeli ambayo vijana wetu wameipanga: kutoka hapa Keshero mpaka Sake, na kurudi, ili tuchange franka za kusaidia ndugu zetu wenye ulemavu. Najua sababu ya kuniita mimi. Mimi si fundi wa baiskeli, na kwenye mbio sijawahi kushinda hata kuku. Mmeniita juu ya yaya wangu. Wengi mnamjua. Njo ule mama wa kinga ya mikono, ile baiskeli ya magurudumu matatu, anayepita kwenye barabara kubwa asubuhi mapema akienda ku mupaka, pale Petite Barrière. Leo hayuko hapa kwa sababu ni siku ya kazi, na yeye kazi haachi. Jana usiku nilimuuliza kama naweza kusema habari zake mbele yenu. Akajibu: "Sema, mudogo. Lakini usibalize batu." Basi, sitawaliza.

Kwanza nishukuru vijana. Wazo lao ni zuri, na limekuja kwa wakati wake. Mwezi wa 9 mwaka 2025, mashindano ya baiskeli ya dunia yalifanyika Kigali, toka tarehe 21 mpaka 28. Ilikuwa mara ya kwanza yafanyike kwenye udongo wa Afrika. Vijana wetu waliyafuata kwenye simu zao, wakaona mabingwa wa dunia wanahema kwenye vilima vya namna ile ambayo bibi zetu wanaipanda na mzigo wa viazi mgongoni. Toka siku zile, hapa kartie kila kijana mwenye kinga anainamia usukani kama yuko mashindanoni. Kisha wakajiuliza: hizi nguvu tunazotumia bure barabarani, hatuwezi kuzifanyia kitu? Hilo swali peke yake linastahili makofi. Tuwapigie.

Sasa nimesoma karatasi ya mpango. Baiskeli zitatoka hapa saa moja ya asubuhi, zitapita Mugunga, zitapita Mubambiro, zitafika Sake. Kule kutakuwa hema, viti, na muziki. Chini ya hema ndugu zetu wenye ulemavu watakuwa wamekwisha kuletwa na gari, wamekaa, wanangojea. Waendeshaji watafika, watapigiwa makofi, zawadi zitatolewa, picha zitapigwa.

Hapo njo naomba tuongee. Juu katika ile karatasi, mtu anayepiga pedali mara moja kwa mwaka amewekwa barabarani, na mtu anayepiga pedali kila siku ya Mungu amewekwa kwenye kiti. Sidhani kama kuna mtu aliyekusudia ubaya. Ni mazoea. Tukisikia neno "mlemavu," mikono yetu inatafuta kiti na kipande cha sabuni.

Niwaambie basi yaya ni nani.

Alikuwa na miaka mitatu alipopata paralizi, ile tunayoita polio. Homa ya siku chache, kisha miguu ikalegea, haikuamka tena. Mama alimbeba mgongoni mpaka akawa mzito, kisha tukambeba sisi, kwa zamu. Shule ya kwanza ambako Papa alimpeleka walisema hawana mahali pa mtoto wa namna ile. Shule ya pili ikampokea. Mimi namfuata kwa miaka miwili, njo maana kazi ya kumfikisha shuleni ilikuwa yangu. Nilimsukuma ndani ya toroli ya Papa ya kubebea mchanga, na njiani alikuwa ananifundisha hesabu, maana alikuwa madarasa mawili juu yangu. Nikijibu vizuri, ananipa nusu ya ndizi yake. Nikikosa, anaila yote, polepole, nikiwa namwangalia. Watu wa kartie walikuwa wanasema, "Kijana ule ana roho nzuri, anasaidia dada yake." Ni kweli nilisukuma toroli. Lakini yule aliyefika mwisho wa mwaka amepata faida zaidi ni mimi: nilipita mtihani wa hesabu.

Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002, Nyiragongo ilipasuka. Lava ilishuka, ikapanda juu ya uwanja wa ndege, ikakata mji, ikafika mpaka ziwani. Wakati ule tulikuwa tunaishi Mabanga. Watu wengi walikimbilia Gisenyi; sisi tulielekea Sake. Yaya tulimlaza juu ya chukudu ya jirani, katikati ya godoro na sufuria. Njia nzima alifunika uso kwa kitenge. Nilifikiri ni juu ya vumbi na moshi. Miaka mingi baadaye njo aliniambia kwamba alisikia mtu anauliza kando ya barabara, "Bale banabeba nini?" na mwingine akajibu, "Mizigo na kilema." Katika ile hesabu yeye alikuwa upande wa mizigo. Alifunika uso ili wasimwone kwamba amesikia.

Tuongeze miaka kumi na tisa. Jumamosi tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, usiku, mlima ulipasuka tena. Matetemeko yakafuata siku kwa siku, kuta zikafunguka, barabara zikapasuka, na Alhamisi tarehe 27 ikatoka amri kwamba kartie kumi za mji zihame. Mabanga ilikuwamo. Barabara ya Sake mnaikumbuka siku ile: magari, motari, mbuzi, magodoro, wagonjwa, watoto waliopotea. Wengine wenu mlikuwa ndani yake, wengine mliiona ikipita mbele ya milango yenu hapa Keshero.

Yaya alikuwa na kinga yake ya mikono. Nyuma, mahali pa mizigo, tuliweka bidoni mbili za maji na mfuko wa unga. Karibu na Mugunga tukakuta mama mmoja amekaa kando ya njia na watoto watatu. Mkubwa wao hakufika miaka saba, na miguu yao ilikuwa imevimba. Yaya akafunga breki. "Bapandishe," aliniambia. Nikasema kinga itavunjika. Akasema: "Shusha bidoni moja, gawia batu maji. Kisha pandisha batoto. Mi niko na mikono. Weye sukuma."

Tulifika Sake usiku. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge, na malengelenge yamepasuka. Watoto walikuwa wamelala juu ya mfuko wa unga. Yule mama, mpaka leo wakikutana sokoni Kituku, anamwita yaya "shofere."

Mwaka 2002 alibebwa. Mwaka 2021 alibeba. Miguu yake ilikuwa ileile, na barabara ileile. Kilichobadilika ni magurudumu matatu na shene moja. Ninaomba tukumbuke hilo jambo tunapopanga namna ya kusaidia, kwa sababu maneno yangu yote yaliyobaki yanatoka pale.

Kwa wale mliorudi toka Nyarugusu, Nakivale ao mbali zaidi, na hamjazoea mji, nieleze kazi yenyewe. Kinga ya mikono ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Pedali ziko mbele ya kifua. Unazizungusha kwa mikono, na pedali hizo hizo njo usukani. Shene inashuka toka pedali mpaka gurudumu la mbele. Nyuma ya kiti kuna ubao ao sanduku la mizigo. Mzigo ukiwa mkubwa, vijana wawili ao watatu wanasukuma nyuma. Mwenye kinga anaendesha, anapatana bei, anashika karatasi, anajua nani ametuma nini na nani anadaiwa nini. Mizigo inaenda na kurudi: unga, vitunguu, nyanya, mafuta ya mawese, bitenge. Toka zamani ni desturi kule mpakani kwamba walemavu hawasumbuliwi sana kwa kodi ndogo ndogo, na wafanyabiashara wanawaaminia mizigo yao. Kinshasa pia, kule bandarini pa kuvukia Brazzaville, kazi hiyo inajulikana toka siku za Zaïre.

Kwa hiyo kinga moja haimlishi mtu mmoja. Inamlisha mwenyewe na nyumba yake, inawalisha wasukumaji na nyumba zao, inamlisha fundi, na yule mama wa soko anayengoja vitunguu vyake vifike kabla ya saa nne. Vita vya Januari 2025 vilipoingia mjini, banki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na kazi nyingi zikaisha siku moja. Nyumbani kwetu tulikuwa watu kumi na mmoja. Tulikula kwa mikono ya yaya. Nasema mikono, na si kwa mfano.

Mwingine atasema, "Sawa, lakini yaya wako ni mtu wa pekee." Kwangu ni wa pekee, sikatai. Lakini habari ya namna hii iko mahali pengi. Niwapeleke kidogo Kenya.

Tarehe 7 mwezi wa 8 mwaka 1998, bomu lilipasuka kwenye ubalozi wa Marekani pale Nairobi. Siku ile ile lingine lilipasuka Dar es Salaam. Nairobi peke yake walikufa watu zaidi ya 200, na maelfu waliumia. Kati ya waliobaki wazima kuna mwanaume anayeitwa Douglas Sidialo. Alipoteza macho yote mawili. Mtu kijana, mwenye nguvu, asubuhi anaona, jioni haoni tena. Miaka ilipita, akapanda mlima Kilimanjaro. Kisha akapanda baiskeli ya watu wawili, ile yenye viti viwili na pedali za watu wawili kwenye fremu moja, akasafiri toka Cairo, Misri, mpaka Cape Town, Afrika Kusini. Ni karibu kilometa 12,000. Fikirini jangwa la Sudan, milima ya Ethiopia, vumbi, mvua, upepo wa usoni. Alifanya hivyo ili watu waache kumhesabu kipofu kama mtu aliyekwisha, na ili jamii ifungue milango kwa watu wenye ulemavu.

Nataka tuangalie ile baiskeli yake, kwa sababu ndani yake kuna somo letu. Kwenye baiskeli ya watu wawili, mwenye macho anakaa mbele, anashika usukani na breki. Asiyeona anakaa nyuma. Lakini pedali zote zimefungwa pamoja kwa shene. Wa mbele akizungusha, wa nyuma anazungusha. Wa nyuma akilegea, wa mbele anasikia kwenye magoti yake mara moja. Hakuna abiria pale. Tena wa mbele hana ruhusa ya kunyamaza. Lazima aseme: shimo, kona, mteremko, tunabadilisha gia, tunasimama. Asiposema, wote wawili wanaanguka. Mmoja anatoa macho, wote wawili wanatoa miguu, na njia inakwenda kwa maneno.

Kumbe ile si baiskeli ya kipofu kubebwa, ni ya watu wawili kufanya kazi. Ndiyo safari ninayoiombea chama chetu.

Na hapa kwetu Congo tusisahau Staff Benda Bilili, wanamuziki wa Kinshasa. Wengi wao walipata polio wakiwa watoto. Walikuwa wanafanya mazoezi nje, karibu na bustani ya wanyama, wakiwa juu ya kinga zao za magurudumu matatu walizozitengeneza wenyewe. Sahani yao ya kwanza ilitoka mwaka 2009, na mwaka 2010 filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa. Jina lao kwa Lingala lina maana ya kwamba uangalie ng'ambo ya kile kinachoonekana. Watu wa dunia walinunua tiketi kuwasikiliza. Hawakuja kuwaonea huruma.

Sasa tuje kwenye franka, maana bila franka mkutano hauishi.

Karatasi inasema michango itanunua kinga mpya za mikono, nyingi sawa zitakavyopatikana. Ni nia njema. Lakini niwape mfano. Miaka fulani iliyopita, kundi moja la wafadhili, sitalitaja, liligawa kinga kumi mahali nilipokuwapo. Zilikuwa nzuri, za rangi, zinang'aa. Hotuba, picha, asanteni. Mvua za msimu ule zilipoisha, saba zilikuwa zimelala ukutani. Hazikuibiwa. Magurudumu yake yalikuwa ya kipimo ambacho hakuna duka la Goma linauza mupira wake. Mawe ya lava mnayajua: yanakata mupira sawa wembe. Siku ya kwanza unaziba. Siku ya pili unaziba juu ya kiraka. Siku ya tatu unatafuta mupira mpya, haupo, na kinga imekuwa kiti cha kuku kulalia.

Yaya ana daftari. Anaandika kila kitu, ni mtu wa hesabu, nilikwisha kuwaambia. Nilimwomba anisomee mwaka mmoja. Mipira ya nje minne. Mipira ya ndani tisa. Shene mbili. Gololi za katikati ya magurudumu, mara tano. Spoku, aliacha kuhesabu. Kuchomelea fremu, mara mbili, moja ilivunjika akiwa na mzigo wa watu juu yake, akalipa unga uliomwagika. Nikamuuliza: ungepewa kinga mpya leo, ungefurahi? Akasema: "Ningefurahi. Lakini unipe kwanza shene. Kinga niko nayo."

Na kinga ikilala siku tatu, haulali peke yako. Wasukumaji wanakaa, nyumba zao zinakaa. Mteja anatafuta mtu mwingine, na mteja akiondoka kumrudisha ni kazi. Kwa hiyo shene ya franka chache inaweza kubomoa kitu kilichojengwa kwa miaka.

Mtu ataniuliza: hii si kazi ya serikali? Ndiyo, sheria iko, na ni vizuri tuijue. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inasema wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya ulinzi wa pekee. Mwaka 2015 nchi yetu iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Na tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 ilitolewa sheria nambari 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki zao. Mtoto wa mwanachama akifukuzwa shuleni juu ya miguu yake, twende na hiyo nambari mkononi. Hapa Goma pia tuko na kituo Shirika la Umoja, ambako watu wanapata miguu ya bandia na mazoezi ya mwili, na Msalaba Mwekundu wa kimataifa umesaidia kazi hiyo. Mwenye mgonjwa nyumbani asimfiche, ampeleke. Lakini sheria haizibi mupira asubuhi ya Jumatatu. Ile ni kazi ya jirani, na chama hiki tulikianzisha kwa sababu tuliporudi tulijua jirani anafika kabla ya wote.

Basi, ninaleta mapendekezo matatu. Myakate, myaongeze, lakini myapigie kura.

La kwanza: wenye kinga za mikono wawe barabarani, na wakae mbele. Sitaki wawe nyuma kama mkia, ao ndani ya gari kama wageni. Wao njo wataweka mwendo. Najua jibu la vijana: "Watatuchelewesha." Ni kweli, watawachelewesha. Toka hapa mpaka Sake ni kilometa karibu 20, na mikono haina nguvu za miguu. Hapo chagueni. Ama tunakwenda mpaka Sake siku nzima, tunalala, tunarudi kesho yake. Ama safari inaishia Mugunga na kurudi, wote pamoja. Mimi nataka ile fupi. Safari fupi ya watu wote ina faida kuliko safari ndefu ya miguu peke yake. Na kila kijana mwenye kinga ya miguu apewe mwenzake mmoja mwenye kinga ya mikono. Kwenye kupanda, ashuke, asukume. Kwenye kuteremka, asimame pembeni yake, aseme: shimo, kona, gari nyuma. Afanye kama yule wa mbele kwenye baiskeli ya Sidialo. Na kabla ya kusukuma, aulize. Yaya hapendi kusukumwa na mtu ambaye hajamsalimia, na nadhani hata ninyi hamungependa.

La pili: franka zote za safari ziingie katika kasha moja la matengenezo. Mipira, shene, gololi, spoku, na malipo ya fundi. Tulifanye sawa likelemba, kwa sababu likelemba kila mtu anaijua: mwenye kinga anaweka kidogo kila juma, na kinga yake ikivunjika anachukua, kisha anarudisha polepole. Mchango wa safari unakuwa mtaji wa kwanza. Hivi hakuna anayepewa sadaka, na kasha haliishi. Kama siku moja tutanunua kinga mpya, tununue ile ambayo magurudumu yake yanapatikana sokoni Virunga ao hapa kartie. Kasha liwe na funguo mbili. Moja ishikwe na mwenye kushika hazina wetu. Nyingine ishikwe na mmoja wa wenye kinga za mikono, aliyechaguliwa nao wenyewe. Mtu anayeaminiwa mizigo ya mpakani yenye dola mia, hatutashindwa kumwaminia ufunguo.

La tatu linahusu watoto. Tarehe 25 mwezi wa 8 mwaka 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondoa polio ya mwituni. Tulifurahi. Lakini kuna namna nyingine ya polio inayozaliwa mahali ambako chanjo haikufika watoto wa kutosha, na nchi yetu bado inaisumbukia. Familia zilizokimbia na kurudi njo zinazokosa chanjo: kadi ilibaki kambini, mtoto alizaliwa njiani, hakuna aliyemwandika. Kwa hiyo siku ya safari, kila avenyu watakayopita, waendeshaji waulize nyumba kwa nyumba: ni mtoto gani hapa hajapata matone? Waandike, wapeleke orodha kwenye kituo cha afya. Haigharimu hata franka moja, na itapunguza watu ambao miaka thelathini mbele watahitaji kinga ya mikono.

Ndugu zangu, mtu akiniuliza kwa nini ninamheshimu yaya wangu, huwa wanangoja niseme ni juu ya ugumu wa maisha yake. Ugumu tunao wote, hapa Goma haunaga mwenyewe. Ninamheshimu kwa sababu analipa deni kwa siku aliyoahidi. Kwa sababu siku ile ya Mugunga alitazama watoto wa mtu asiyemjua na akapiga hesabu haraka kuliko mimi: bidoni moja ishuke, watoto watatu wapande, inawezekana. Na kwa sababu toka 2002 hajafunika tena uso barabarani.

Ninyi mliorudi mnajua maana ya kuhesabiwa upande wa mizigo. Tulipangwa mistari, tukaandikwa kwenye karatasi, tukapewa vikombe vya unga, na mtu ambaye hakujua majina yetu alituita "wale." Hatukufa kwa njaa pale, na tunashukuru. Lakini kila mmoja wetu alikuwa anangojea siku moja tu: siku ya kurudi kufanya kazi kwa mikono yake. Tusiwanyime wengine hiyo siku kwa kuwapa kiti.

Ninaomba mwenyekiti apigishe kura juu ya lile la kwanza na lile la pili leo hii, kabla mvua haijanyesha na watu hawajatawanyika.

(Mkutano ulikubali pendekezo la kwanza na la pili: safari itakwenda mpaka Mugunga na kurudi, wenye kinga za mikono mbele. Lile la tatu limekabidhiwa kwa wamama wa halmashauri, waongee na kituo cha afya. Mwenye mupira, shene ao vyombo vya fundi vya kutoa kwa kasha la matengenezo amwone mwenye kushika hazina siku yoyote baada ya salongo.)